Nukta Kwenye Pua ya Mtoto

"Huyo analia," Akello alisema, na kidole chake, cheusi kwa utomvu wa majani chai, kikatua juu ya uso wa mtoto. "Tazama mdomo. Mdomo wa namna hii ni wa kilio."

"Toa kidole, utamchafua. Anapiga chafya."

"Chafya gani? Mtu akipiga chafya anapanua mdomo hivi?"

"Wewe unapanua mpaka tunaona ugali wa jana," Rebeccah akamjibu. "Na kama analia, machozi yako wapi?"

"Mtoto mchanga hana machozi. Umezaa ukasahau?"

"Na hizi nukta kwa pua? Ni ndui?"

Akello akainama tena, akazikwangua nukta kwa ukucha.

Walikuwa wamesongamana chini ya mabati ya senta, pale wakulima wadogo wa upande ule wa Kapkatet wanapopeleka majani yao, wakingoja lori la kiwanda ambalo siku ya mvua huja likijisikia. Majani yalikuwa yametandazwa juu ya meza za mbao yasishike joto. Katikati ya wanawake hawa wawili, juu ya kikapu kilichopinduliwa, kililala kitabu cha picha, toleo jipya la *Upanga wa Ukungu*, na kila aliyepita aliinamisha shingo kukitazama, akaenda zake polepole, kama mtu aliyepita kando ya jeneza.

Kwenye ukurasa ule wa mwisho, Baruti, shujaa wa upanga, alikuwa amechomwa mgongoni na mchawi Nyongo. Ameanguka mtoni kifudifudi na mto unamchukua. Miaka yote aliyopigana na mijusi yenye mabawa hakuwahi kuanguka kifudifudi. Halafu chini kabisa, kwenye kona, mchoraji alikuwa amechora kisanduku kidogo kuliko vyote: kibanda, mwanamke aliyegeuza mgongo, na mtoto mchanga aliyefumba macho, mdomo wazi, nukta zimemtapakaa puani. Neno hakuna. Mchoraji huyu, aliyezoea kuwapa maneno hata farasi, kwa mtoto alinyamaza.

"Na huyu Sifa naye," Akello alisema, akirudisha kurasa nyuma mpaka kwa mwanamke wa vita aliyependwa na Baruti, "bado hajapata nguo. Chuma kifuani, kipande cha ngozi kiunoni, tumbo nje. Angekuja kuchuna majani hapa mwezi wa saba, nimonia ingemmaliza kabla ya Nyongo."

"Mchoraji ni mwanamume."

"Najua ni mwanamume. Mwanamke angemchorea sweta."

Kepher, karani wa mizani, mtu wa kutoka upande wa ziwa kama Akello, aliacha kupanga magunia akaja kuchungulia. Yeye hakuwa na haja na Sifa, au alisema hivyo kwa sababu mkewe huleta majani senta ileile. Yeye alipenda chuma. "Oneni huo upanga," akasema. "Mwanga unavyoteleza pale kwa makali. Huyu jamaa akichora chuma unasikia baridi yake kwa meno."

"Chuma anajua," Rebeccah akakubali. "Ngumi ndiyo hajui. Hapa jitu limempiga Baruti, nyota zikamzunguka kichwa. Ngumi haina nyota. Ina ladha, kama umeweka funguo mdomoni."

Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Mzee Kiptum, mumewe, alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, kitandani mwake, kwa uzee na kifua, mchungaji upande huu na dada yake upande ule, amekunywa uji akaubakisha. Kifo kizuri kabisa. Lakini wa rika la Rebeccah waliokuwa pale senta walizikumbuka asubuhi ambazo alikuja na kikapu mgongoni na leso imefungwa mpaka chini ya nyusi, akisema ni baridi.

"Basi ukungu," Kepher akasema haraka. "Ukungu si anajua?"

"Ukungu," Rebeccah akasema, "hajauchora kabisa."

Kipkorir ndiye aliyemwonyesha hilo. Mwanawe huyo, wa pekee wa kiume, ndiye aliyeileta hadithi ya Baruti kijijini. Akienda Kericho alipitia kwa mtu anayetandaza vitabu kuukuu juu ya plastiki, na akirudi aliwasomea hapa hapa, lori likichelewa. Alisoma kwa sauti zote. Baruti alikuwa na sauti ya mchungaji. Mijusi ilikuwa na sauti ya meneja wa kiwanda. Nyongo mchawi alipewa sauti ya Chepkirui, shangazi yake, ile ya kwikwi na amri, mpaka watu wakaegemea meza za majani kwa kicheko na Kepher akawafukuza wasizivunje. Siku moja alimsogezea mama yake ukurasa wa mlima akamwambia, "Mama, angalia vizuri. Ukungu si rangi. Amechora miti, amechora mawe, halafu mahali pa ukungu ameacha karatasi. Hakufanya kitu. Ameacha tu."

Kabla ya Krismasi, walipokuwa wakipakia magogo ya blugam, kuni za boila za kiwanda fulani, kamba ilikatika. Magogo yakashuka, na Kipkorir alikuwa chini. Sanduku lilikuja nyumbani limepigiliwa misumari, na wanaume wakasimama mbele yake bega kwa bega ili mama asije akaomba lifunguliwe. Hakuomba. Aliwatazama mabuti akaona walivyosimama, akaelewa. Nelvine, mke wa marehemu, alikuwa na mimba changa, ndiyo kwanza ameanza kuchukia harufu ya vitunguu.

Sasa mimba ilikuwa imeshuka, tumbo limekaa chini, na hapo ndipo palipokuwa na maneno.

Kwao Rebeccah mtoto haji peke yake. Akishazaliwa, wanawake wazima wa boma hukaa naye wakaita majina ya watu wa boma waliotangulia, mmoja mmoja, na jina atakalolipigia chafya ndilo la yule aliyerudi ndani yake. Kurenet, ndivyo wanavyoita. Dini imekuja, kliniki imekuja, watoto wanachanjwa mapaja yote mawili, lakini chafya haijaondoka. Ila si kila marehemu huitwa. Chepkirui, ambaye ndiye mkubwa na ndiye mwitaji, alikwisha kusema mbele ya watu: aliyekufa kwa damu, kijana, udongo wake bado haujatulia, huyo haitwi.

Na Rebeccah alitaka aitwe. Hakutaka kitu kingine duniani. Hata mvua ikinyesha vizuri aliiona kama porojo.

"Kwetu mtoto analia," Akello alisema, sauti imeshuka. "Analia usiku na mchana mpaka mtaje babu anayetaka jina. Mkimtaja, kimya. Kwa hivyo hata mimi nasema huyu wa kwenye kitabu ni Baruti anarudi. Tumekubaliana."

"Hatujakubaliana. Wewe unamrudisha kwa kelele, mimi kwa pua."

"Si arudi tu, hata kwa kisigino?"

"Nyuma ya jalada kuna namba," Kepher akasema. "Naweza kumwandikia mchoraji, nimuulize."

"Usimsumbue mtu wa watu," Rebeccah akamwambia. Lakini Kepher alikuwa ameshatoa simu, ameshaweka miwani puani, anaandika kwa kidole kimoja.

*

Kesho yake Rebeccah alikifunga kitabu ndani ya karatasi ya nailoni, akakiweka chini ya sweta, akavuka kijito kwenda kwa Chepkirui. Dada huyo mkubwa wa marehemu Kiptum alikuwa amebaki na meno machache lakini yote ya mbele. Watoto wa boma lote walimwita senge, shangazi, na Rebeccah naye alimwita hivyo, maana kumwita jina lake kavu ilikuwa kama kumvuta sikio.

"Umeniletea kitapu?" Chepkirui akauliza, kwa ulimi wake usiojua b. Alikishika mbali, akakishika karibu, akafungua katikati. "Huyu mwanamke amevaa sufuria kwa matiti."

"Ni vita, senge."

"Vita ya kupika?"

"Fungua mwisho. Hapo. Huyu ndiye Baruti. Amekufa vibaya, amechomwa, damu mto mzima. Na hapa chini, ona. Mtoto."

Chepkirui akainua ukurasa mpaka kwenye mwanga wa mlango. Kuku aliingia, akatoka.

"Anapiga chafya," akasema hatimaye.

"Si nimesema?"

"Nani amechora?"

"Mtu wa Nairobi. Wa kabila gani sijui. Lakini hata yeye anajua aliyekufa kwa damu anaweza kurudi."

"Aliyekufa kwa damu anarudi na damu yake, Rebeccah. Unataka hiyo ndani ya nyumba? Amelala kando ya mama yake, usiku anakumbuka magogo?"

"Nataka mtoto wangu."

Hakulisema kwa nguvu. Chepkirui akaweka kitabu mapajani, akakilainisha kwa kiganja kama anayelaza nywele za mtoto. Naye alikuwa amemlea Kipkorir. Alijua pia ile sauti ya Nyongo ilitoka wapi, maana mambo ya senta hufika kila boma kabla ya jua kutua.

"Ataitwa mwisho," akasema. "Kwanza wazee. Kila mzee. Mtoto akiwakataa wote, nitakupa nafasi umwite mwenyewe, mdomo wako, si wangu. Na niachie hiki kitapu."

"Senge, hujui kusoma."

"Nani amesema nitasoma? Nataka kumwangalia huyo mchawi. Nasikia tunafanana."

*

Nelvine alijifungulia hospitalini Kapkatet, mtoto wa kiume, mzito, kichwa kimejaa nywele. Rebeccah alimpokea katika shali, akamtafuta Kipkorir usoni: kwenye paji, kwenye masikio, kwenye kidevu. Mtoto mchanga hana sura ya mtu, ana sura ya uchovu. Lakini bibi aliyenuia kuona huona, na siku ile Rebeccah alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara kama aliyeinunua.

Aliposhuka senta na majani, Kepher alimwita nyuma ya mizani.

"Mama Kip..." Akasita. Tangu mazishi watu hawakujua tena wamwite nani. Jina la mtoto lilikuwa limekaa katikati ya jina lake. "Mama. Yule mchoraji amejibu."

"Soma."

"Si lazima nisome."

"Kepher, soma. Wewe hata ukisoma habari njema inatoka kama uzito wa majani."

Kepher akavaa miwani. "'Asante sana kwa kufuatilia hadithi yetu. Hizo nukta sikuchora mimi. Ni uchafu wa mashine ya kupiga chapa, umetokea kwa nakala nyingi, tunaomba radhi. Mtoto anapiga miayo.'"

Lori lilikuwa likipanda kilima. Injini yake ilisikika, ikapotea kwenye kona, ikasikika tena.

"Miayo," Rebeccah akasema.

"Ndiyo, mama."

"Baruti amekufa, amebebwa na mto, na mtoto anapiga miayo."

"Ndivyo ameandika."

"Mwambie basi ajifunze kuchora."

Kepher hakucheka. Alifuta kioo cha simu kwa mkono wa koti, ingawa kilikuwa kisafi. "Utamwambia yule mama mkubwa?"

"Wewe utamwambia?"

"Mimi? Mimi ni Mjaluo, mama. Mimi napima majani."

Hakumwambia Chepkirui. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaambiwa, na jambo likishaingia sikioni halitoki kwa kutikisa kichwa. Mpaka juzi alikuwa na hakika. Alikuwa ameona kwa macho yake, kwenye karatasi, kwamba mtu aliyekufa vile anaweza kuja, kwamba pua ya mtoto ingemjua. Sasa alibaki na uchafu wa mashine. Akiwa shambani, mikono ikichuna yenyewe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, aliwaza: ataitwa, na mtoto atamtazama tu. Watu watasimama wakung'ute sketi zao. Itakuwa kama kumzika mara ya pili, na safari hii mbele ya chai na mkate.

"Akello," akaita juu ya vichaka. "Yule mzee wa ugoro wa soko la Kapkatet, bado yuko hai?"

Akello, aliyekuwa akimchunia kwa kibarua mistari miwili kando yake, akaacha mikono hewani. Alikaa katika nchi hii tangu ujana, hakuhitaji kuelezwa. "Mama, wewe ni mwizi."

"Ni pua tu. Nataka kuisaidia."

"Yule mama mkubwa akijua?"

Rebeccah alijua vizuri. Wengine husema zamani akina nyanya walisaidia pua kwa ugoro na hakuna aliyeona haya. Lakini kwa Chepkirui hilo lilikuwa ni kugonga mlango wa wafu kwa jiwe. Ukigundulika, kuita kunakoma hapo hapo, na mtoto anabaki na yeyote yule, au na hakuna mtu.

Akello alimletea ugoro, umefungwa ndani ya kipande cha plastiki, mdogo kama punje ya mahindi. "Chembe tu," akamwonya. "Ukimtilia mwingi utamwita mpaka Adamu."

*

Siku ya kuita ilikuwa ya mvua nyembamba, ile isiyo na kelele. Wanawake wa boma walikaa sebuleni, magoti yamegusana, sweta zikitoa harufu ya moshi na maziwa. Akello alipewa kigoda cha mlangoni, cha jirani. Kwanza wakaomba, kwa kirefu, ili Mungu asije akasema hakualikwa. Kisha Chepkirui akaondoa shali usoni pa mtoto, aliyelala mapajani mwa Nelvine, akasafisha koo.

Alianza na ndugu yake, kama ilivyofaa. Babu wa mtoto, mwenye boma, marehemu wa kifo kizuri.

"Kiptum!"

Rebeccah akashika pumzi. Hofu ya huyu kurudi hakuwa ameisema kwa mtu, hata kwa Akello. Mtoto akatazama mabati. Chepkirui akangoja, akangoja tena. Mtoto akalamba mdomo.

"Mungu ni mwema," Rebeccah akasema, kwa sauti hata wanawake wawili wakaitikia amina.

Wakaitwa wengine. Baba yake Kiptum, aliyekuwa na ng'ombe wengi. Ndugu yake mfupi, aliyekwenda vita vya wazungu akarudi na koti. Mganga wa mifupa. Mzee aliyejenga kanisa la kwanza na kufukuzwa humo kwa pombe. Chepkirui aliwaita kwa ile sauti yake ya kwikwi na amri, akimpa kila mmoja nafasi ya kutembea kutoka alikokuwa, na mtoto akawapokea wote kwa uso wa karani anayeangalia majani makavu. Majina yakaanza kuwa ya watu ambao hakuna aliyewajua isipokuwa mwitaji. Mwanamke mmoja akasinzia. Chai ikapoa.

"Amekataa," Chepkirui akasema. Alikuwa amechoka, jasho linang'aa juu ya mdomo. Akamtazama Rebeccah, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi macho yake hayakuwa ya mkubwa wa mtu. "Haya, mama yake. Mwite."

Rebeccah akapiga magoti mbele ya Nelvine. Ncha ya leso yake ilikuwa tayari, chembe imebanwa kwa kidole gumba tangu maombi. "Pua yake ina maji," akasema, akampangusa, taratibu, pande zote mbili. Nelvine aliona. Msichana yule hakuwa mjinga. Aliona na akamsogeza mtoto karibu zaidi, na midomo yake ikatikisika kwa jina ambalo yeye, kwa desturi, hakuruhusiwa kuita.

Rebeccah akafungua mdomo.

Hakuwa amelitamka jina hilo tangu siku ya kaburi. Alikuwa amesema *marehemu*, amesema *mwanangu*, amesema *yule*. Sasa alilivuta kutoka chini na likaja mpaka kooni, likakaa hapo, kubwa, na misumari yake. Akavuta tena. Sauti iliyotoka haikuwa neno. Akaona yale mabuti yaliyosimama bega kwa bega. Akameza, akafungua mdomo kwa mara nyingine, na mvua ikasikika juu ya mabati kwa sababu sebule nzima ilikuwa ikimngoja.

"Ameshindwa," mtu akanong'ona nyuma.

"Muacheni," Chepkirui akasema, kwa huruma. Naam, kwa huruma. Alimwekea Rebeccah mkono begani. "Pumua kwanza. Na mimi hapo mwanzo niliita vibaya. Ndugu yangu siku za mwisho alikuwa mzito wa kusikia. Pengine hakusikia." Akainama, akaweka mdomo karibu na sikio la mtoto, akaita kama mtu anayemwita mwingine ng'ambo ya bonde:

"Kiptum!"

Mtoto akakunja uso. Pua ikajikusanya. Akapiga chafya.

Akapiga ya pili, na ya tatu, mpaka kichwa kikaruka mapajani, na vigelegele vikapasua nyumba. Wanawake walisimama. Aliyekuwa amesinzia aliamka akipiga vigelegele, bila kujua ni kwa ajili ya nani. Chepkirui alilia waziwazi, machozi yakipita kando ya meno yake. "Amekuja kwa nguvu!" akasema. "Mnaona? Ndivyo alivyokuwa! Hakuwahi kuingia mahali polepole!"

Rebeccah alibaki amepiga magoti. Neno moja lingetosha. *Ugoro.* Angelisema, na wote wangenyamaza, na Kiptum angerudishwa alikotoka. Lakini kuita kungekoma, na Kipkorir asingeitwa tena na mtu yeyote, na yeye angekuwa mwanamke aliyemtilia mjukuu wake tumbaku puani. Asingelisema, mambo yangebaki kama yalivyokuwa. Akageuza macho mlangoni. Akello alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, na hakuwa anacheka.

"Rebeccah!" Chepkirui alimwinua kwa kwapa. "Unapiga magoti mpaka lini? Bwana yako amerudi. Mpikie!"

Wanawake wakacheka sana. Wakamsukuma huku na huku, wakamwambia ajipake mafuta, ajifunge leso mpya, mume hatoki mbali hivyo akakuta mke amechakaa. Utani wa kurenet ndivyo ulivyo, na mwenye kutaniwa hujibu. Rebeccah alikuwa stadi wa kujibu. Watu walimgeukia wakingoja. Akasema, "Angalau safari hii hana meno," na wakacheka zaidi, wote isipokuwa Nelvine.

Nelvine alikuwa akimfuta mtoto kamasi. Aliolewa humo mzee akiwa ameshazikwa. Alimjua kwa picha moja tu ukutani, ya kofia. Wenzake walipogeukia chai akauliza kwa chini, "Mama. Alikuwa mtu wa namna gani, baba?"

Mtoto alikuwa ameanza kulia, macho mekundu, pua inamwasha. Rebeccah alimtazama. Alitafuta, kama mtu anayepapasa gizani juu ya rafu ambayo hajawahi kuweka kitu.

"Alipenda maji ya moto," akasema. "Ya kuoga."

Akaenda jikoni.

Moto ulikuwa umelala. Alisimama katikati ya moshi, mikono imening'inia, hana alilojia. Kule sebuleni walikuwa wameanza kumpitisha mtoto kutoka paja hadi paja, kila mmoja akimsalimu kwa jina lake, na sauti ya Chepkirui ikapanda juu ya zote: "Kiptum! Kiptum, we!" Kabla Rebeccah hajafikiri lolote magoti yake yalikuwa chini, mikono inasukuma kuni, mdomo unapuliza majivu, sufuria ilikuwa mekoni, maji yanaingia, mbio, mbio.

Yalipochemka akayamimina kwenye karai. Mvuke ukapanda ukamfunika uso. Akayatazama. Yalikuwa maji ya mwanamume mzima, ya kuchubua ngozi, sawasawa na Kiptum alivyoyataka.

"Mama," Nelvine akaita kutoka ndani, mtoto akilia juu ya sauti yake. "Mama, maji ya kumwoshea."

Rebeccah akafungua mlango wa nyuma, akachota jagi kwenye pipa la mvua. Akarudi akapiga magoti kando ya karai. Akaongeza maji baridi kidogo, akaingiza kiwiko. Bado. Akaongeza tena kidogo, akaingiza kiwiko, akakiacha humo, akingoja.